Saruji ya Kinyozi

Mume wa dada yangu alikuwa na mchezo mmoja ambao mtu mzima alipaswa kuuonea haya. Kila alipomaliza kujenga nyumba, siku ya kukabidhi funguo aliwakusanya majirani uani, akavua kofia, akaegemeza bega ukutani na kusukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha alimgeukia mwenye nyumba na kumwambia, "Na wewe sukuma." Mwenye nyumba akasukuma. Mkewe akasukuma. Hata ajuza aliyekuja kunywa soda yake tu aliitwa asukume. Ukuta, kwa kuwa ni ukuta, ulibaki palepale, na shemeji yangu akapangusa mikono akatangaza, "Haitikisiki." Ndipo watu wakamwita Fundi Haitikisiki, na jina hilo likamvimbisha kichwa mpaka kofia zote zikambana.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule katika chumba kinachotazama soko, na kwenye kazi yangu nguo hujaribiwa na mwenye kuivaa, ainame, achuchumae, ainue mikono. Nguo haijaribiwi kwa kupapaswa. Lakini mimi ni nani nimfundishe mwanamume mwenye timazi mfukoni.

Mji wetu una juu na una chini. Juu ni mwamba mtupu. Ukitaka kuchimba choo huko unaazima mtaimbo, na kazi unaimaliza kwa matusi. Chini, tunakokaa sisi, ni udongo mweusi laini ulioletwa na mto zamani mto ulipokuwa mto, na ukichimba kimo cha mtu unakuta maji. Shemeji alizaliwa juu, akamposa dada yangu akampandisha juu, na tangu hapo akiteremka sokoni hutembea amekunja pua, utadhani sisi ndio tuliouelekeza mto pa kupita. Hata hivyo kazi alifanya kotekote. Nyumba nyingi za mlimani ni mkono wake, na huku bondeni pia alijenga kadhaa. Mojawapo ilikuwa ya kinyozi, jirani yangu, ambaye kiti chake cha kunyolea kinatazamana na cherehani yangu. Tumetazamana hivyo miaka mingi, yeye na wembe wake, mimi na mkasi wangu, na najua mambo yake kuliko ninavyotaka.

Tetemeko lilikuja asubuhi, chai ikiwa mezani. Sakafu ilikwenda ikarudi, ikaenda tena. Kabati la vitambaa likatembea lenyewe likaziba mlango, nikatokea dirishani na pini bado ziko mdomoni. Nilipofika nje nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Ukiligonga beseni la maji, mkono unaondoka na maji yanaendelea kucheza. Ndivyo ardhi ya bondeni ilivyokuwa, inacheza na wala hakuna anayeigonga tena. Baadaye dada yangu aliniambia kwamba wao huko juu walidhani lori la mawe limepita. Kilichovunjika kwake ni kikombe kimoja, na hicho alikiri alikuwa amekiweka ukingoni mwenyewe.

Huku chini safu nzima ya nyuma ya soko ililala. Nyumba ya kinyozi ilikuwa katika safu hiyo. Watoto wake wawili walikuwa wamesimama nje na mikoba ya shule, na mama yao amerudi ndani kutafuta kiatu cha mdogo. Tulimtoa kwa mikono yetu, kinyozi akiwa wa kwanza kufukua, na kiatu alikuwa amekipata.

Sasa sikilizeni ufundi wa shemeji yangu. Siku ya maziko alikuja, amevaa vizuri, amekaa na wazee. Mtu mmoja akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha, "Fundi, ile si ilikuwa kazi yako?" Mwanamume mwenye haya angeinamisha kichwa tu. Yeye akajibu, "Mkono ni wangu, saruji ilikuwa yake. Mtu akiupunja ukuta, mimi nifanyeje? Nyumba zangu za juu si mnaziona? Ipo hata moja iliyopata ufa?"

Mama mkwe wa kinyozi alikuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka pale, na masikio ya mfiwa hayafungwi. Udongo wa kaburi haujakauka, akaja kuwachukua wajukuu. "Aliyemnyima mwanangu ukuta hatanilelea wajukuu," alisema, akawashika mikono akaenda nao. Kinyozi aliwafungia tu mabegi yao.

Na mimi najua kwamba saruji ilikuwepo. Siku ilipoletwa, mvua ilikuwa inakuja, tukaiingiza chumbani kwangu, na vumbi lake likaniharibia jora zima la kitambaa cheupe. Nililisema hilo msibani, nikalisema sokoni, nikalisema kwa yule bibi mlangoni kwake. Nilichopata ni watu kukonyezana. Mshonaji anamtetea mgane, ana lake jambo. Mji huu ukiambiwa ukweli na mwanamke huangalia kwanza amevaa nini.

Kwa hiyo mambo yalisimama hivi, na mtoto mdogo angeweza kuyaelewa. Kama nyumba za juu zilisimama kwa sababu ya mkono wa shemeji yangu, basi kinyozi alimuua mkewe kwa ubahili na hana haki ya watoto. Kama zilisimama kwa sababu nyingine, basi shemeji yangu ni mwongo aliyemvunjia mtu nyumba mara ya pili. Hakukuwa na njia ya katikati, na mji mzima ulichagua njia ya kwanza kwa sababu ilikuwa tamu zaidi.

"Ukiona vyaelea vimeundwa," walisema, wakipandisha macho mlimani. Hakuna aliyeuliza habari za maji. Mtu anamwona mbuzi amesimama juu ya jiwe wakati wa mafuriko, anarudi nyumbani kununua mbuzi. Ndivyo walivyofanya. Kila aliyepoteza nyumba bondeni alitaka ajengewe nyumba kama za juu, kuta nene za mawe, paa la vigae, na ule ukuta mrefu wa mbele wenye ncha ya pembetatu ambao hauna kazi yoyote isipokuwa kumwonyesha jirani kwamba unao. Muuza vifaa vya ujenzi, mwanamume ambaye tumbo humtangulia kila aendako, aliibandika picha ya nyumba ya shemeji dukani kwake. Shemeji akawa anaamkiwa na watu waliomzidi umri. Akaanza kukohoa kabla ya kusema.

Ya kwanza kujengwa hivyo ilikuwa ya binti yake, kitinda mimba wao, ambaye sisi twamwita Kitinda mpaka leo ingawa ana mtoto wake mwenyewe anayenyonya. Mumewe ni dereva wa lori, safari zake ndefu, na kiwanja walichokuwa nacho kipo bondeni karibu na mto wa zamani. Tetemeko liliwaangushia kibanda chao wakiwa kwa majirani. Shemeji akasema atamjengea mwanawe nyumba ambayo hata siku ya kiyama itabidi iombwe ipishe. Akaijenga nzito kuliko zote. Siku ya kukabidhi aliisukuma, akatusukumisha wote kwa zamu, na zamu yangu ilipofika nikasema bega linaniuma. Dada yangu akanitazama kwa jicho la tafadhali usinianzishie.

Aliyekuja kuanzisha ni mwanamke mwingine. Alitumwa na idara moja ya serikali inayopima ardhi, mfupi, viatu vimeloa matope, hana umbea hata kidogo. Alikuja na visanduku vya chuma ambavyo alisema vinasikia mtetemo hata wa mtu anayepita. Watu wakamwita Bibi Vipimo. Kimoja akakifukia uani kwa dada yangu juu, kingine akakifukia kando ya nyumba ya Kitinda chini. Shemeji alikubali kwa sababu alidhani wamekuja kupima ustadi wake.

Alipoambiwa kinachopimwa ni udongo, alicheka mpaka akakohoa kikohozi cha kweli.

"Mama," akamwambia, "ardhi ni moja. Tetemeko lilikuwa moja. Nyumba ndizo zilizotofautiana."

"Tetemeko lilikuwa moja, fundi," akajibu Bibi Vipimo, anafuta kisanduku kwa kitambaa. "Lakini halitikisi sawa kila mahali. Likifika kwenye mwamba linapita haraka. Likifika kwenye udongo laini wenye maji linakua, na linakawia. Nyumba ileile uliyojenga juu, ukiibeba ukaiweka chini, itapigwa zaidi. Na ikiwa nzito, itajipiga yenyewe."

"Kwa hiyo mimi si fundi, ni mwamba tu ulionibeba."

"Wewe ni fundi mzuri," alisema. "Nimezitazama zile zilizoanguka. Mkono ni uleule, na mchanganyiko ni uleule. Hata ile ya kinyozi."

Nilikuwa nimesimama pale. Nilimwona shemeji akilisikia jina la kinyozi, na nilimwona akilimeza. Kisha akamgeukia muuza vifaa, aliyekuja kusikiliza, akasema, "Serikali ikikosa dawa, humlaumu mgonjwa. Sasa wanalaumu udongo." Muuza vifaa akacheka kwa tumbo zima. Debe tupu na mfuniko wake.

Bibi Vipimo hakubishana. Alimwambia Kitinda kando, mbele yangu, kwamba mitetemo midogo huwa inafuata tetemeko kubwa kwa muda mrefu, na kwamba kama ingekuwa ni yeye, asingelala chini ya ule ukuta wa mbele. Ungeweza kupunguzwa, paa likawekwa bati, kuta zikafungwa kwa mkanda wa zege juu. Kitinda alimsikiliza vizuri kabisa. Halafu akaendelea kulala humo. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mama mdogo, nikihama nimemwambia baba ni mwongo, na mji mzima utaona nahama." Kiburi cha mzazi kumbe hurithiwa kwa namna hiyo, mtoto anapewa alale chini yake.

Mtetemo wa kwanza baada ya hapo ulikuja alfajiri, mdogo. Kwangu sindano zilicheza ndani ya kopo. Kwa Kitinda vyombo vilishuka rafuni na lipu ikapasuka juu ya mlango. Akamfunga mtoto mgongoni akapanda mlima peku, mpaka kwa baba yake, akamkuta anakunywa chai.

"Baba, umelisikia?"

"Nimesikia nini?"

"Tetemeko, baba."

Shemeji akamtazama mkewe. Dada yangu hakuwa amesikia chochote, wala vyombo havikugongana, wala mbwa hakubweka. "Umeota," akamwambia. "Huyo mama wa visanduku amekutia woga. Kanawe miguu unywe chai." Na Kitinda, miguu inavuja damu kwa kokoto, akanawa akanywa chai.

Bibi Vipimo alipovifukua visanduku alituonyesha. Cha juu kilikuwa kimeandika mtikiso hafifu wa muda mfupi. Cha chini kilikuwa kimeandika wenye nguvu mara nne au tano ya ule, na uliodumu. Ilikuwa asubuhi ileile na tetemeko lilelile. Nilimwona shemeji akizitazama zile alama mbili, na nikadhani sasa atakubali. Lakini ndiyo kwanza akakata shauri la kutuonyesha yeye.

"Kesho mchana," akasema, "nateremka kula chakula changu chini ya ukuta ule. Anayetaka kushuhudia aje."

Tukaja. Dada yangu alipika. Shemeji akataka kiti chake kiwekwe sebuleni, karibu na mlango, watu wa uani wamwone. Muuza vifaa alikuwepo uani na wenzake. Mimi nilikaa mwisho wa chumba, karibu na mlango wa nyuma, na sioni haya kulisema. Shemeji alikula polepole kuliko kawaida yake, akisifia mchuzi, akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole kati ya tonge na tonge. Hakuna kilichotokea. Akanawa. Akajinyoosha. Siku ya pili akarudia, na siku ya tatu, na sisi tukarudi kila siku kama mazuzu, mpaka ikawa ni desturi na dada yangu akaanza kulalamikia kuni.

Siku tetemeko lilipokuja alikuwa ameshika glasi ya maji. Mimi nilimtazama yeye badala ya kutazama nyumba, kwa hiyo nililiona ambalo nadhani hakuna mwingine aliyeliona. Mwanamume yule alizaliwa juu ya jiwe. Miaka yake yote, pamoja na lile tetemeko kubwa, ardhi haikuwahi kumwondokea chini ya miguu. Alikuwa ameisimulia tu. Maji yalipomwagika kutoka kwenye glasi, uso wake ulikuwa wa mtu anayetambulishwa kwa mgeni aliyekuwa akimsema vibaya barazani.

Akainuka. Kitinda alikuwa anatokea chumbani, mtoto kifuani, anaelekea mlango uleule. Walifika pamoja. Na shemeji yangu, Fundi Haitikisiki, akampiga mwanawe kumbo kwa lile bega lake, akatoka. Kuta zote alizosukuma kwa bega lile hazikuwahi kusogea. Mwanawe alisogea. Alirudi nyuma akaanguka makalio sakafuni, mtoto bado kifuani, na wakati huohuo ukuta wa mbele ukajitenga na paa, ukajilaza nje kwa taratibu ya ajabu, ukafunika kizingiti na baraza lote.

Vumbi lilipotulia tulitokea mlango wa nyuma, mimi na dada na Kitinda na mtoto anayelia kwa hasira. Mzima. Wote wazima. Tukazunguka mbele. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya uani, glasi bado mkononi.

Kitinda akamwendea. Hakupaza sauti. "Baba," akasema, "ulinipita."

Na hapo ndipo muuza vifaa, kwa ule wepesi wake wa kuokota kila kinachong'aa, akapaza sauti kwa ajili ya kila mtu. "Hakukupita, mwanangu, amekuokoa. Tumeona sote. Amekusukuma urudi ndani. Ungetoka ungekuwa chini ya mawe haya." Wenzake wakaitikia. Ni kweli, walisema, fundi aliona ukuta unakuja. Fundi anaujua ukuta wake. Kabla jua halijapinda sana habari ilikuwa imefika sokoni, na ilipofika kwangu mimi niliyekuwepo, ilikuwa na maneno ambayo shemeji alimwambia binti yake pale mlangoni, maneno mazuri ya baba. Watu hawa wakianguka kisimani watasifia maji.

Ubaya ni kwamba uongo ule ulimkaa vizuri. Nimeshona nguo nyingi za kupendeza lakini sijawahi kushona iliyomfaa mtu hivyo. Kumbo lilikuwa kumbo kweli, na kweli lilimwepusha Kitinda na mawe. Shemeji hakuhitaji kusema lolote. Alihitaji kunyamaza tu, na angebaki na jina lake, na nyumba zake za juu, na kinyozi angebaki na dhambi yake. Hata ukuta ulioanguka, muuza vifaa alikuwa tayari na maelezo: vigae vilikuwa vya shehena mbovu.

Kitinda alihamia kwangu na mtoto. Asubuhi aliponisaidia kukata vitambaa aliniambia, "Mama mdogo, hakuniona. Ningejua aliniona ningefurahi hata kama angenipita." Nilimpa mkasi mwingine, ule wangu ulikuwa butu.

Shemeji aliteremka sokoni siku hiyohiyo. Walimwamkia kila mahali, mmoja akamwita mwokozi, na yeye akapita bila kukohoa. Nilidhani anakuja kwangu kumwona binti yake, nikawa nimekwisha kuandaa maneno ambayo dada yangu asingependa kuyasikia. Lakini hakuvuka barabara. Aliketi kwenye kiti cha kinyozi.

Tangu maziko hakuwahi kunyolewa pale. Kinyozi alimtazama kwenye kioo, akamfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akaanza upande wa kulia. Watu wakasogea. Hakuna asiyependa kutazama wembe ukiwa kwenye shingo ya mtu aliyemsengenya mwenye wembe. Muuza vifaa alitoka dukani kwake akasimama kizingitini. Mimi nilisimamisha cherehani.

"Saruji yako ilitosha," akasema shemeji.

Wembe ukasimama.

"Fundi unasemaje?" akauliza muuza vifaa.

"Nasema saruji ya huyu bwana ilitosha." Sauti ilikuwa kavu, na povu likimfanya aonekane mpumbavu zaidi ya alivyokuwa. "Nilichanganya mwenyewe. Haikupungua. Nyumba zangu za juu zimesimama kwa sababu ya jiwe. Na jana sikumwokoa mtu. Nilikuwa nakimbia, na mwanangu alikuwa njiani."

Muuza vifaa akacheka kidogo, akingojea kuona kama ni mzaha, akaona kwamba si mzaha, akarudi dukani. Mji mzima ulichukizwa naye. Hawakuchukizwa kwamba alikimbia, wala kwamba alimsingizia mfiwa. Walichukizwa kwamba aliwaharibia hadithi yao ya mwokozi.

Kinyozi alikunja wembe. Nilidhani atasema asante, maana ni mtu wa kusema asante hata akikanyagwa. Akasema, "Hayo usiniambie mimi, fundi. Mimi nilikuwa najua. Kamwambie mama mkwe wangu."

"Nikimaliza kunyolewa."

"Kwanza kamwambie."

Shemeji akajitazama kwenye kioo, upande mmoja mtupu, upande wa pili povu na ndevu. Akavua kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Akatoka. Nilicheka, msinilaumu, nilicheka kwa sauti, maana nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu maziko. Wengine wakacheka pia. Mwisho wa soko njia inagawanyika, moja inapanda mlimani kwake, nyingine inakwenda kwa yule bibi, na mimi ningeweka rehani cherehani yangu kwamba atapanda. Akakunja kwenda kwa bibi. Kicheko kikanikatikia.

Sijui alimwambiaje. Dada yangu anajua lakini hasemi, na kwa mara moja katika maisha yangu sikuuliza. Ninachojua ni kwamba kinyozi hakuhudumia mtu mwingine. Mteja alikuja akaambiwa kiti kina mtu. Kiti kilikuwa kitupu, kitambaa kimekunjwa juu yake, na kinyozi amesimama pembeni anaunoa wembe ambao ulikuwa mkali tayari.

Shemeji alirudi jua likiwa linaelemea upande, povu limemkauka shavuni. Nyuma yake alikuja yule bibi, anatembea kwa shida, na kila mkono ameshika mtoto. Hakumtazama shemeji, na mpaka leo hamtazami, na anafanya vizuri. Mimi pia salamu zangu kwake ni za kuhesabu. Bibi aliwaachia watoto mbele ya kiti cha baba yao, akasema, "Mabegi yatakuja kesho," akageuka.

Mkubwa alisimama tu. Mdogo akamtazama shemeji, ambaye alikuwa amekwisha kuketi, akamuuliza baba yake mbona huyu mzee ana ndevu upande mmoja.

"Namalizia," akasema kinyozi.

Akafungua wembe, akauinua, akawatazama watoto kwenye kioo. Akauweka chini, akapiga magoti pale sakafuni kwenye nywele za watu, akawakumbatia watoto wake wote wawili pamoja.

Shemeji yangu akainuka, akajipangusa povu kwa kiganja, akapanda mlima na ndevu zake za upande mmoja.